Kopo la Udongo la Mwalimu Zuweina

Mlangoni kwangu pana kopo la maziwa ya unga lililojaa udongo. Mgeni akija huniuliza kama napanda maua. Sipandi maua mimi, sina wasaa huo. Udongo ule ni wa mume wangu, na sababu yake ni mbwa.

Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Wete, mwaka wa ishirini na sita huu. Uani kwangu wanakaa watoto arubaini na kitu, asubuhi na jioni, na juu ya mkeka wao sitaki nione hata unyoya wa kuku. Sasa hebu mfikirie mwanamke wa namna hiyo kaolewa na mtu anayefuga mbwa. Watu hawakuniacha. Jirani yangu Bi Kazija aliniambia mbele ya wanawake wenziwe, kwenye khitma ya watu, "Mwalimu, sisi watoto wetu tunawaleta kwako wasome, au wabweke?" Nilicheka kwa sababu mahali penyewe palikuwa pa heshima, lakini roho iliniuma siku tatu.

Kwa asiyejua, sharia yetu katika jambo hili ni nyepesi kuisema na nzito kuifanya. Mbwa mkavu akikugusa nawe mkavu, hapana neno. Akikulamba, au akikugusa na unyevu, basi mahali palipoguswa paoshwe mara saba, na moja katika hizo saba iwe ya maji na udongo. Hilo hata kitoto changu kinachoanza alifu kwa kijiti kinalijua. Ndiyo maana ya kopo. Kila Jumapili jioni, mume wangu Moosa akirudi shamba, hukaa kwenye jiwe nje ya mlango wa uani na ndoo yake, nami hukaa ndani kwenye dirisha la jiko.

"Mwalimu, hesabu!"

Nami huhesabu. Moja, na udongo. Mbili. Tatu. Mzee yule mwizi wa hesabu, akiona nimegeukia chungu huruka.

"Sita hiyo."

"Nne iko wapi, Baba Nadhira?"

"Imepita. Ulikuwa unaonja mchuzi."

"Rudi kwenye nne!"

Hurudi, huku anacheka mpaka mabega yanatikisika. Miaka tisa tumekwenda hivyo, kila wiki, na ukiniuliza ni saa gani katika wiki yangu naipenda zaidi nitakwambia ni ile. Yeye sijamwambia. Ataringa.

Moosa ni fundi wa vyerehani. Si mshoni, ukimwita mshoni hukasirika. Yeye hutengeneza mashine zenyewe, zile za miguu na za mkono, na hakuna nyumba ya biharusi Wete ambayo cherehani chake hakijapita mikononi mwake. Ana kibanda chake karibu na soko, kinanuka mafuta ya mashine na karafuu, kwa sababu huweka karafuu mdomoni mchana kutwa. Babu yake alikuwa na mikarafuu huko Ole, watu wanasema ukisimama kilimani ulikuwa huoni mwisho wake. Moosa alibakiwa na eka moja na robo, mikarafuu minane iliyozeeka, mshelisheli mmoja, mishokishoki mitatu na mihogo. Sijapata kumsikia akisikitikia ile iliyokwenda. Hii eka moja na robo, lakini, utadhani ni yeye aliyeiumba, astaghfirullah. Kila Ijumaa akitoka msikitini hufunga kibanda, huchukua pakacha lake na mbwa wake, na kupanda pikapu ya dereva Kificho inayorudi Ole tupu baada ya kushusha ndizi na mihogo sokoni. Harudi mpaka Jumapili. Wenzake wakimuuliza kunani huko, husema, "Napumzika." Ukimuona anavyorudi, tope mpaka magotini na mikono imechunika, utajiuliza mapumziko gani hayo.

Mbwa mwenyewe alimpata huko. Wasasi, wale wanaokwenda na mbwa kuwafukuza kima na nguruwe mwitu mashambani, jike lao lilizaa karibu na shamba lake, na wakamuachia kitoto kimoja chekundu chenye sikio moja lililolala. Nilipopata habari niligomba, wallahi niligomba. Moosa akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, mbwa wa kulinda mazao hukmu yake nini?" Mbwa wa shamba, wa mifugo na wa usasi anaruhusiwa, na ni mimi mwenyewe niliyemsomesha hayo tulipooana. Alinishinda kwa kitabu changu mwenyewe.

Tukakubaliana mbwa akae hukohuko Ole, kwa jirani wa shamba. Alikaa wiki mbili. Asubuhi ya Jumanne moja Moosa akaenda kufungua kibanda, akamkuta amelala mbele ya mlango, nyayo zimepasuka, kaja kwa miguu kutoka Ole na njia hajapata kuonyeshwa. Tangu siku hiyo hulala nyuma ya kibanda kwa siku za kazi, na mwisho wa wiki wote wawili wanakwenda shamba. Watu wakasema wakachoka. Nikimletea Moosa maneno yao kibandani, yeye jawabu lake moja tu: "Waache." Bi Kazija kasema hivi. "Waache." Shehe kaulizia. "Waache." Mpaka mbwa akadhani anaitwa yeye, akawa anainuka. Basi jina likawa ndilo hilo, Waache.

Mwaka jana macho ya Moosa yakaanza kumsaliti. Presha ya macho, daktari alisema, na akasema kilichokwisha kupotea hakirudi. Dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki. Moosa akatia matone yake kila siku na akasema anaona vizuri tu. Nikamkuta anamimina chai pembeni ya kikombe. Nikamkuta amevaa shati nje ndani. Kazini hana tabu, vidole vyake vinajua kila skrubu ya cherehani, lakini mtu akimsalimia kimya kwa kuinua mkono hapokei, na watu wakaanza kusema Bwana Moosa siku hizi ana kiburi.

Binti yetu Nadhira anakaa Unguja, ni mkunga, na ana maneno ya kukata. Alinipigia simu wiki ile ya mvua za vuli.

"Mama, Baba bado anakwenda shamba peke yake?"

"Anakwenda."

"Kule kwenye lile bonde, na ule mnazi wa kuvukia?"

"Mie nitajuaje, mwanangu? Siendi kule."

Na ni kweli. Miaka tisa sijatia mguu kule kwa sababu ya mbwa. Nadhira akanipa shuruti moja, na alinipa kama anavyowapa wagonjwa wake. Niende shamba na baba yake Ijumaa ile. Nimtizame kwa macho yangu. Jumapili atanipigia, na nimwambie kweli: Baba anaweza au hawezi? Kama anaweza, hatosema tena. Kama hawezi, mwisho wa mwezi anakuja kutuchukua wote wawili tukakae kwake, ghorofa ya nne, na shamba lipewe mtu. Mbwa hakumtaja. Hakuwa na haja, mbwa hapandi ghorofa ya nne ya watu.

Sikulala vizuri usiku ule. Ningemwambiaje mtu huyo, fundi wa vyerehani wa Wete, akakae kitako Unguja akisikiliza lifti ya watu? Na ningemwambiaje Nadhira uongo, baba yake akija kuvunjika kiuno?

Moosa nilimwambia nakwenda kula shokishoki. Alinitizama, yaani aligeuza uso upande wangu, akasema, "Na mbwa je?"

"Atakaa mbali na mimi."

"Na watoto?"

"Nimewapa ruhusa mpaka Jumatatu."

Alifurahi mpaka nikaona haya kwa kumficha. Alinunua mkate wa mofa, akanunua samaki wa kukausha, akafua shuka ya shamba. Ijumaa baada ya sala tukapanda pikapu, mimi mbele na Kificho, wao wawili nyuma juu ya magunia matupu. Njia nzima nilikuwa nawatizama kwenye kioo. Mbwa alikuwa ameweka kidevu ukingoni na Moosa kaweka mkono mgongoni mwake, na wote wawili wamefumba macho kwa upepo.

Kificho alitushusha palipo na bomba la maji, pembeni mwa barabara. Kutoka hapo ni kwa miguu. Njia inateremka kati ya mikarafuu, inaingia bonde la mpunga, inavuka mfereji juu ya gogo la mnazi, kisha inapanda mpaka shamba. Moosa akatoa kamba, akamfunga Waache shingoni, akajizungushia ncha ya pili mkononi mara mbili. Nilijua ni kwa ajili yangu, asinikaribie. Nikamwambia, "Ahsante, Baba Nadhira, umefikiri vyema." Yeye alikohoa tu.

Nikawafuata hatua kumi nyuma, buibui nimelinyanyua. Ama alikwenda! Hakujikwaa hata pahala pamoja. Mawe aliyakwepa, mizizi aliiruka, kwenye gogo la mnazi alipita mbele yangu akinifundisha, "Weka mguu wa kulia kwanza, Mwalimu, katikati pamelika." Mimi ndiye niliyekaribia kuanguka. Moyoni nikasema, alhamdulillahi, Nadhira na daktari wake wamezidisha. Mume wangu anaona.

Jumamosi ile naomba nisiisahau mpaka nizikwe. Nyumbani Moosa ni mtu wa maneno machache, chai yake na redio yake. Kule alikuwa mtu mwingine, au tuseme ni yuleyule kijana aliyenioa, niliyekuwa nimemsahau. Alinipeleka mti kwa mti, kila mmoja akiupapasa gome kabla hajaniambia habari zake. Huu ulipigwa na radi. Huu kaupanda babu mwaka aliooa mke wa pili, na mke wa kwanza akaumwagia maji ya moto, tizama ulivyopinda. Nikamwambia mke wa kwanza namuelewa. Aliniandalia kisamvu cha nazi mwenyewe, hakunikubalia nishike hata mwiko. Nikakaa juu ya dungu, lile jukwaa la kulindia mazao, miguu inaning'inia, mimi mwalimu mzima, namenya shokishoki na kutupa maganda chini.

Na Waache alifanya kazi yake. Kima walipokuja kwenye mishokishoki, Moosa hakupiga hata kelele. Alisema tu, "Haya, baba," na mbwa akaondoka. Huwasikia kwenye majani upande wa pili wa shamba, huzunguka, huwafukuza, hurudi na kujilaza palepale miguuni mwake. Kwangu hakuja. Mara mbili alikuja akasimama mbali hivi, mkia unatikisika taratibu, ananitizama. Nikamwambia, "Baki hukohuko, bwana, tunaheshimiana." Alielewa. Nilimpenda kidogo kwa hilo, nakiri.

Jioni nilikuwa nimeshapanga jawabu la Nadhira. Baba yako anaweza, mwanangu. Niache nimalize shokishoki zangu.

Usiku mvua ikapiga mpaka alfajiri. Jumapili asubuhi kila kitu kinachuruzika, na mbwa karowa mpaka tumboni. Tuliswali, nikasoma kidogo, nikautia msahafu wangu mkobani ndani ya mfuko wa nailoni. Moosa alikuwa nje na kamba. Alisimama nayo muda, anaipindapinda, kisha akaitia ndani ya pakacha.

"Humfungi?" nikamuuliza.

"Kamba imerowa, yeye karowa. Atakukung'utia maji. Wacha atangulie peke yake, njia anaijua."

Akampigia ulimi, na Waache akaondoka, akageuka mara mbili mara tatu kutizama, Moosa akamwambia, "Nenda, baba, nenda." Mbwa akapotea kwenye mteremko.

Mimi nikatangulia, yeye nyuma yangu. Nilikuwa nasema peke yangu, habari za madrasa, habari za harusi ya mtoto wa Bi Kazija, sikumuona kwamba anatembea na mkono mbele. Nikavuka gogo, mguu wa kulia kwanza kama alivyonifundisha. Maji ya mfereji yalikuwa yamejaa, rangi ya chai ya maziwa. Nikageuka.

Alikuwa amesimama ng'ambo, pembeni ya gogo kwa hatua mbili nzima, anatizama mahali ambapo hapana kitu.

"Njoo basi," nikamwambia.

"Nakuja."

Na akaja. Aliinua mguu wa kulia kwanza, akauweka kwenye maji.

Nilipiga ukelele ambao nadhani Kificho aliusikia barabarani. Alizama mpaka kifuani, kofia ikaenda na maji, pakacha likaelea. Mfereji wenyewe si mpana, lakini tope lake linashika. Kabla sijavua viatu Waache alikuwa keshafika, sijui kutoka wapi, akajitupa majini akajipachika ubavuni mwa Moosa, na Moosa akamshika mgongo, akajivuta mpaka akapata kushika gogo. Hapo nami nikamdaka mkono. Tukamvuta, mmoja huku mmoja huku, mpaka akakaa kitako majanini upande wangu.

Kwanza alicheka. "Leo nimeoga mapema, Mwalimu." Mimi sikucheka, naye akaacha.

"Moosa, gogo lilikuwa pale. Hukuliona?"

Akafuta uso kwa kiganja chenye tope, akauchafua zaidi.

"Silioni, Zuweina." Miaka mingi hajaniita kwa jina langu. "Tangu Ramadhani naona kama mtu anayechungulia ndani ya chupa. Nyuso sizioni. Wewe nakujua kwa sauti na kwa harufu ya udi."

"Na Ijumaa je? Ulipita hapa kama kijana!"

"Ijumaa nilikuwa na kamba."

Nikamtizama mbwa, nikaitizama kamba, ilikuwa imetoka kwenye pakacha inaning'inia kwenye majani. Ndipo nikajua mimi mjinga wa watu. Ile kamba sikufungiwa mimi. Hakuna aliyekuwa akimvuta mbwa. Mbwa ndiye aliyekuwa akimvuta mtu, na kila jiwe lililokwepwa, kila mzizi uliorukwa, alikwepa Waache na Moosa akafuata kamba mkononi mwake.

"Sasa kwa nini ukamfungua?" Nilikuwa nalia kwa hasira, sina haja ya kuficha. "Kwa nini ukamfungua, wewe mtu?"

"Una udhu," akasema. "Na msahafu uko mkobani."

Ah, jamani. Nilitaka nimpige na nimkumbatie. "Mbwa havunji udhu!" nikampigia kelele. "Mbwa ananajisi tu, paoshwe, basi! Miaka thelathini na nne umeoa mwalimu na hilo hulijui?"

"Mie najua kuhesabu mpaka saba tu," akasema. "Mengine nilikuachia wewe."

Waache alikuwa amesimama kati yetu, anatetemeka, sikio lake moja limelala, hajui amfuate nani. Alikuwa kaachwa aende zake na akarudi. Nikauning'iniza mkoba juu ya tawi. Nikakunja mikono ya buibui mpaka viwikoni. Nikaiokota kamba iliyorowa, nikapiga magoti topeni, nikamwita.

"Njoo hapa, Waache."

Alikuja taratibu kama anayenionea haya. Nikampitisha kamba shingoni kwa mikono yangu hii, inayoshika msahafu na chaki, nikaifunga fundo. Manyoya yake yalikuwa ya moto chini ya ule unyevu, na moyo unamwenda mbio. Akanilamba kiganja, chote, na vidole. Nikamuachia alambe. Kisha nikauchukua mkono wa Moosa nikamzungushia kamba mara mbili, kama nilivyomuona mwenyewe akifanya Ijumaa.

"Haya, baba," nikamwambia mbwa.

Nikautungua mkoba kwa kiwiko nikautia begani, nao wakapanda kilima mbele yangu. Hawakujikwaa hata mara moja. Safari hii nilikuwa najua ninachokiona, na nililia njia nzima mpaka barabarani.

Pale bombani tulimngoja Kificho. Moosa alioga mara zake saba na udongo, akabadili nguo kutoka mkobani mwangu, akakaa juu ya jiwe na simu yangu mkononi, maana mimi mikono haikufaa kushika kitu. Nikachimba udongo safi pembeni, nikachuchumaa chini ya bomba.

"Mzee, hesabu," nikamwambia.

Ilimshangaza kidogo. Hajapata kunihesabia. "Moja," akasema, "na udongo."

Nilikuwa kwenye ya tatu simu ilipolia. Moosa akaipapasa, akaifungua sauti ya nje, akainyoosha upande wangu. Nilimuona alivyotega sikio kabla hajasema mtu. Alikuwa anajua, kumbe. Alijua tangu mwanzo nimetumwa.

"Mama! Mmefika? Niambie kweli, Baba anaweza?"

"Baba yako haoni, mwanangu," nikasema. Moosa akainamisha kichwa. "Haoni gogo, haoni uso wangu. Leo kaanguka mferejini."

"Mama! Ndiyo nilivyosema! Mwisho wa mwezi..."

"Sijamaliza. Kaanguka kwa sababu yangu, nilimtoa mikononi mwa anayemuongoza. Njia ile anaongozwa na Waache, tangu Ramadhani, na hajaanguka hata siku moja mpaka nilipokuja mimi na usafi wangu. Haji Unguja. Hata mimi siji. Madrasa nitafunga Ijumaa mpaka Jumapili, na kila wiki tutakwenda watatu. Gogo litawekwa mkono wa kushikia, Kificho atatupa mbao. Matone nitamtia mwenyewe. Ukitaka kumuona baba yako, njoo shamba, lete viatu vya tope."

Nilisikia watoto wake wakigombana huko nyuma.

"Watatu?" akasema mwisho wake. "Mama, wewe na mbwa? Maji gani hayo ninayoyasikia?"

"Ya nne," akajibu Moosa badala yangu. "Mama yako ananawa. Usimkatize, ataruka hesabu."

Nadhira akacheka, kisha nikamsikia analia. Akasema, "Haya, Baba." Akasema atakuja msimu wa shokishoki usijaisha, na simu ikakatika.

Tano. Sita. Saba. Nikafunga bomba, nikasimama kuikung'uta mikono, safi kabisa, tayari kwa msahafu. Waache alikuwa amekaa karibu yangu, kamba bado shingoni, manyoya yake bado yanachuruzika. Akainuka, akaja akanisukumia pua yake ya baridi ndani ya kiganja, akaiacha humo.

Mkono sikuuondoa. Nilimkuna lile sikio lililolala mpaka nikatosheka, kisha nikainama kuchota udongo mwingine, nikafungua bomba.

"Kimetokea nini?" Moosa akauliza kutoka kwenye jiwe lake. "Mbona nasikia bomba tena?"

"Hesabu tu, Baba Nadhira."

"Moja," akasema.